Zau Anaongea Kiswahili, na Mutakura Imenyamaza Kumsikiliza

Mungu wa kifo anaongea Kiswahili! Anaitwa Kalunga, haharakishi neno, hapandishi sauti, na gemu haijachanganya bado tayari amesimama mbele ya Zau, kijana mganga aliyefiwa, wanafanya mapatano. Zau anataka baba yake arudi kutoka kwa wafu. Kalunga anataka roho tatu kubwa zilizogoma kuondoka duniani: Impundulu, GaGorib na Kikiyaon. Kijana akizileta zote, baba atarudishwa. Na hayo yote unayasikia kwa masikio yako, kwa lugha ya sokoni kwetu, si maandishi ya chini peke yake. Katika ukumbi wetu wa gemu hapa Mutakura, watu waliokuwa wakisubiri zamu ya mpira waliacha kubishana wakageukia skrini.

Gemu ni Tales of Kenzera: Zau. Ilitoka tarehe 23 Aprili 2024 kwa PlayStation 5, Xbox Series, Nintendo Switch na kompyuta, kwa hiyo wenzetu wa London na Nairobi wameshaizungumzia. Kwetu imeingia sasa, ndani ya PlayStation 5 ambayo mwenye ukumbi ameletewa na ndugu yake kutoka Ubelgiji, na mimi nimeikalia kuanzia mwanzo wa hadithi mpaka nyanda za juu za Impundulu. Sijaimaliza. Haya ni ya saa za kwanza tu, ya moto moto, na anayejua mwisho wake tafadhali asinisimulie!

Kwa msomaji asiyeijua Mutakura: ni mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura, komini ya Ntahangwa, jirani na Cibitoke na Kinama. Kirundi tunacho nyumbani, Kiswahili tunakutana nacho barabarani na sokoni, Kifaransa kinatungoja shuleni. Kiingereza ndicho kilichojaa kwenye gemu. Ndiyo maana ukiingia ukumbi wowote wa gemu mjini utakuta mpira na ngumi, ngumi na mpira. Watu husema vijana wetu hawapendi hadithi. Si kweli hata kidogo! Mpira hauhitaji kuelewa mtangazaji anasema nini. Ngumi haina cha kutafsiri. Lakini gemu ya hadithi ikiwekwa, mhusika akianza kuongea, kijana anabonyeza kitufe cha kuruka maongezi, anabonyeza tena, anabonyeza tena, mpaka afike mahali pa kupigana, halafu anashangaa kwa nini anapigana. Baada ya nusu saa anairudisha rafuni na kusema ni mbaya. Nimeliona hilo likiwapata watu wenye akili nyingi na subira nyingi.

Na mimi gemu za hadithi ndizo nilizozipenda tangu utotoni, hasa zile za fumbo, zile zinazokuweka chumbani na droo iliyofungwa na barua iliyochanika na kukuambia tafuta. Nilibahatika kwa sababu Kifaransa kilinifungulia mbili kubwa. Ya kwanza ni Les Chevaliers de Baphomet, ambayo kwa Kiingereza inaitwa Broken Sword, ya mwaka 1996, inayoanza na bomu katika mkahawa wa Paris, mtalii Mmarekani aitwaye George Stobbart na mwandishi wa habari Nico Collard wakimwinda muuaji aliyevaa kama mchekeshaji wa sarakasi. Ya pili ni Syberia ya mwaka 2002, kazi ya mchora katuni Mbelgiji Benoît Sokal, ambamo mwanasheria Kate Walker anatoka New York kwenda kijiji cha milimani kumaliza mauzo ya kiwanda cha wanasesere wa mitambo, akajikuta akimfuata mrithi aliyepotea mpaka mashariki ya mbali. Gemu hizo hazina haraka. Unamhoji mtu, unasikia alivyositasita, unarudi kumhoji tena. Kila anachosema ni ushahidi.

Hapo ndipo penye imani yangu yote kuhusu gemu za aina hii: kusikiliza ndiko kucheza. Mfano mkali kuliko yote ni Return of the Obra Dinn ya Lucas Pope, ya mwaka 2018. Wewe ni mkaguzi wa bima mwaka 1807, umepewa meli iliyorudi bila mtu, na kazi yako ni kujua watu 60 waliokuwa ndani yake walikuwa akina nani na yaliwapata yapi. Baadhi yao huwezi kuwatambua mpaka uisikie lafudhi yao, au lugha waliyoongea sekunde chache kabla ya kufa. Ni gemu ya ajabu, naiweka juu kabisa, na kwa kijana wa Mutakura asiye na Kiingereza imefungwa kwa kufuli mbili. Nusu ya ushahidi imo katika sauti asizozielewa.

Sasa rudi kwa Zau uelewe kwa nini nimewaka hivi.

Hadithi haianzi na Zau. Inaanza na Zuberi, kijana wa mji wa Amani, mji wa kesho wenye taa na majengo marefu, ambaye baba yake amekufa na yeye hataki kuongea na mtu. Mama yake anamletea kitabu. Baba alikiandika kwa ajili yake kabla ya kuondoka. Zuberi anakifungua, na ndani yake tunamkuta Zau, mganga wa zamani, naye amefiwa na baba. Kwa hiyo tunacheza hadithi ambayo marehemu alimwachia mwanawe! Tangu dakika hiyo kila pango, kila mzimu, kila ushauri wa Kalunga una maswali mawili juu yake: unamwambia nini Zau, na baba alikuwa anataka kumwambia nini Zuberi? Fumbo la gemu hii halina maiti chumbani wala mpelelezi mwenye koti refu. Fumbo ni mzazi aliyejua kwamba anaondoka, na alichokificha ndani ya hadithi ili mtoto akipate akiwa tayari.

Mama anayeuza ndagala nje ya mlango wa ukumbi alisikia maongezi ya Zuberi na mama yake, akaingia na beseni lake akasimama nyuma yetu.

"Huyo mtoto, baba yake alikufa kwa ugonjwa gani?"

"Bado hatujajua, mama. Hadithi haijafika huko."

Akatazama. Kalunga alipotoa ahadi yake, mama akatikisa kichwa. "Aliyekufa harudi. Huyo mzee anamzungusha mtoto. Muangalie vizuri, kuna kitu anamfundisha."

Basi ukumbi ukalipuka! Mmoja anasema Kalunga ni mwongo, mwingine anasema mungu hawezi kuvunja mapatano, wa tatu anasema tatizo si Kalunga, tatizo ni Zau asiyetaka kusikia. Watu ambao hawajawahi kushika gemu isiyo na goli walikuwa wanabishana nia ya mhusika, wanakumbushana maneno aliyoyasema mwanzoni, wanataka turudie pale aliponyamaza. Huo ni upelelezi! Hicho ndicho nilichokuwa nakifanya peke yangu na George Stobbart miaka ile, na sasa kinafanywa na chumba kizima, akiwemo mama ambaye hajagusa maneti ya gemu maisha yake yote. Katika gemu za hadithi anayecheza si yule mwenye vitufe peke yake. Yeyote anayeelewa yumo ndani.

Kuhusu vidole sasa, maana kuna kupigana pia, na kupigana kwake kunanipa raha tele. Unatazama kutoka ubavuni, unaruka, unapanda, unafungua njia, unarudi ulikotoka ukiwa na uwezo mpya. Ni ule mtindo unaoitwa Metroidvania. Zau ana barakoa mbili alizoachiwa na baba yake. Ya jua ni moto, inapigana karibu, mikono inazunguka kama anacheza ngoma. Ya mwezi ni baridi, inarusha mapigo kwa mbali. Unabadili moja kwa nyingine kwa kitufe kimoja katikati ya mruko, na ukishazoea unakuwa huwazi tena: mwezi, mwezi, unashuka, jua, unateleza pembeni, mwezi. Rangi nazo! Machungwa ya barakoa ya jua dhidi ya zambarau ya miamba, buluu ya mwezi ikiwaka ndani ya pango. Muziki ni wa Nainita Desai, na nawasihi msiupunguze.

Halafu kuna mibuyu. Hii ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote, na ningeweza kuandika makala nzima juu yake. Hapa na pale njiani unakuta mbuyu, na Zau anaweza kukaa chini yake. Anakaa tu. Kalunga anatokea, wanaongea: juu ya hasira, juu ya hofu, juu ya baba. Ukiinuka pale uhai wako umeongezeka. Fikiria maana yake! Gemu nyingi zinakuongezea nguvu ukiua. Hii inakuongezea nguvu ukikaa na mkubwa wako na kusema kinachokuumiza. Katika mji ambao karibu kila nyumba ina mtu inayemlilia, kuona vijana wakiacha kila kitu kuutafuta mbuyu unaofuata ili wasikie maongezi mengine, sina neno la kuongeza. Hakuna aliyebonyeza kitufe cha kuruka.

Aliyeitengeneza anajua anachokisema. Abubakar Salim ni mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Wapenzi wa gemu wanamjua kwa sauti ya Bayek katika Assassin's Creed Origins ya mwaka 2017, na watazamaji wa tamthilia wamemwona katika House of the Dragon. Alimpoteza baba yake zaidi ya miaka 10 iliyopita, akaanzisha studio yake, Surgent Studios, na gemu ya kwanza aliyoitoa ni hii, juu ya msiba huo. Desemba 2023 alipanda jukwaani kwenye The Game Awards akaitambulisha kwa kumzungumzia baba yake mbele ya ulimwengu mzima. Mwaka 2025 ikapata tuzo ya BAFTA katika kundi la gemu zinazovuka burudani. Nimecheza saa chache tu na tayari naona kwa nini.

Na dunia aliyoijenga ni ya Kibantu na ya Kiafrika kwa upana wake. Kalunga ametoka kwa Wakongo, ambao kwao jina hilo ni mpaka wa maji kati ya walio hai na waliokufa. Impundulu, ndege wa radi, ni wa Waxhosa na Wazulu. GaGorib ni wa Wakhoikhoi. Kikiyaon, yule bundi wa kutisha, ametoka Afrika Magharibi. Kuna atakayesema amechanganya mno, na najua hoja hiyo, lakini nikiwa nimekaa Bujumbura naiona kwa jicho jingine. Sisi tunajua umupfumu ni nani. Tunajua mtu anayekwenda kuulizwa na familia pale ambapo msiba haueleweki. Hakuna aliyehitaji kutufafanulia kazi ya Zau. Vijana waliotazama walianza wenyewe kutaja hadithi za bibi zao, na mmoja akauliza mbona hakuna gemu ya Samandari, yule mjanja wa ngano zetu ambaye hakuna mwami aliyemshinda kwa maneno. Swali zuri kabisa! Kiro'o Games ya Yaoundé walishatengeneza Aurion mwaka 2016 kwa hadithi zao wenyewe, kwa hiyo njia ipo.

Kasoro? Zipo, na nazitaja kwa sababu naipenda. Maadui wa kawaida wanaanza kujirudia mapema. Kuna mahali pa miiba na mbio ambapo ukikosea kidogo umekufa papo hapo, na kwa mtu aliyekuja kwa ajili ya hadithi hilo linamkatisha pumzi; nashukuru unaweza kushusha kiwango cha ugumu wakati wowote, shusheni bila aibu. Kiswahili chake ni sanifu, cha Kenya na Pwani kuliko cha mtaa wetu wa Buyenzi hapa Bujumbura, na mara mbili tatu wasikilizaji wangu waliulizana neno, kisha wakaendelea. Na mpenzi wa mafumbo halisi, yule anayetaka droo na funguo na daftari la ushahidi, atasema mafumbo ya kimkono humu ni mepesi: sukuma hiki, washa kile. Ni kweli. Ugumu wake uko katika watu.

Kwa hao wa droo na funguo, studio hiyo hiyo imewatengenezea Dead Take, iliyotoka kwa kompyuta tarehe 31 Julai 2025. Ni gemu ya fumbo na hofu: mwigizaji anaingia usiku katika jumba tupu la mtayarishaji wa filamu wa Hollywood kumtafuta rafiki yake, na anaunganisha vipande vya video vya waigizaji halisi, Neil Newbon na Ben Starr, ili kujua kilichotokea. Ndiyo itakayofuata kwenye orodha yangu, na nitaicheza taa zikiwaka.

Lakini kichwa changu hakitoki kwenye swali la yule kijana aliyeulizia gemu ya Samandari. Waandaaji wa programu wa Bujumbura, mliojaa vyuoni na kwenye vyumba vya kupanga, nisikilizeni! Tunayo hadithi ambayo studio yoyote duniani ingeililia: Gustave, mamba mkubwa wa mto Rusizi na Ziwa Tanganyika, ambaye Mfaransa Patrice Faye alimfuatilia kwa miaka mingi, ambaye filamu ya kumtega ilionyeshwa mwaka 2004, ambaye hawakumkamata. Hollywood wakamchukua mwaka 2007 wakatengeneza Primeval, ya kutisha na ya kelele. Hebu iwazeni kama gemu ya fumbo. Mvuvi amepotea. Mtumbwi umekutwa ufukweni. Kila mtu kijijini anasema ni Gustave, na wewe, ukiwahoji kwa Kirundi na Kiswahili mmoja baada ya mwingine, unaanza kugundua kwamba mamba anasingiziwa. Nani anafaidika watu wakiliogopa ziwa? Nani aliuona mtumbwi kwanza? Haihitaji mapigano. Haihitaji kompyuta ya bei mbaya. Ipeni simu ya kawaida, michoro mizuri na sauti za watu wanaoongea kama tunavyoongea, na nawahakikishia ukumbi wa Mutakura utajaa. Nimeona kwa macho yangu ulivyojaa kwa Zau.

Hukumu yangu ya mwanzo basi, na sidhani kama mwisho wa gemu utaibadilisha: hii ndiyo gemu ya hadithi ya kumpa mtu aliyesema hapendi gemu za hadithi. Ilipotoka iliuzwa dola 19.99, ambazo kwetu si hela ndogo, na kulipa kwa kadi kutoka Burundi ni kazi, kwa hiyo changeni mnunue moja kwa ukumbi mzima, au mwombeni ndugu aliye nje. Mkiiwasha, nendeni kwanza kwenye mipangilio ya lugha, wekeni Kiswahili kwa sauti na kwa maandishi, toeni vipokea sauti vya masikioni muunganishe spika, na muwaite wazazi wakae nanyi. Ukumbini kwetu tunaendelea Jumamosi mchana umeme ukiwepo, na nafasi ya kusimama ipo.